Je, Wajua? Balbu Huokoa Amplifaya

Balbu ya kizamani ya wati 60, ile yenye uzi ndani, inaweza kuokoa amplifaya iliyoundwa nyumbani. Fundi huiunga kwenye waya wa moto, kabla ya transfoma, ndipo awashe kwa mara ya kwanza. Ikimulika kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mambo ni shwari. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imezuia mkondo ambao ungeunguza transista. Balbu ya LED haifai kabisa kwa kazi hii.

Mvumo nao husema ulikotoka. Umeme wa Afrika Mashariki huzunguka mara 50 kwa sekunde. Mvumo wa hezi 50 mara nyingi hutokana na waya za ethi au za kuingizia sauti. Ukiwa wa hezi 100, mshukiwa ni kapasita ya pawa saplai, kwa kuwa dayodi nne hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko.

Sauti inakatikakatika? Kijiti kikavu cha mbao kinatosha. Gonga kipande kimoja kimoja. Lehemu iliyoshika vibaya itajitaja kwa mkwaruzo kwenye spika.

Na plagi ikishachomolewa, kapasita kubwa huweza kushika chaji kwa dakika kadhaa. Fundi makini hupima volti kabla ya kugusa.