TUIJUE GESI YA MAGARI: VIPI LORI HUJAZWA GESI ILIYO BARIDI KULIKO BARAFU



 Katika ukurasa huu huwa tunaeleza jambo moja la elimu lenye manufaa majumbani mwetu. Mwaka huu tumechagua gesi inayoendesha magari, na kabla ya kuendelea tueleze kwa nini.

Mzazi wa mwenzetu mmoja ni dereva wa bajaji hapa Dar es Salaam. Aliwaona madereva wenzake waliofunga mfumo wa gesi wakibaki na fedha nyingi jioni kuliko yeye anayenunua petroli. Akaenda kuuliza bei ya kufungiwa, akaiona kubwa. Njiani akakutana na fundi wa mtaani aliyemwambia: "Mzee wangu, usihangaike. Niletee mtungi wako wa jikoni, nitakufungia kwa robo ya bei hiyo." Mzee alirudi nyumbani akiwa ameshakubali nusu. Kijana wake akalileta swali darasani: "Ustadh, kwani gesi si gesi tu?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuulize na kusoma. Jibu lake kwa ufupi ni kwamba gesi si gesi tu, na asiyejua tofauti anaweza kuhatarisha roho yake na za abiria wake. Katika kulitafuta jibu tulikutana pia na aina ya gesi ambayo wengi wetu hatukuwa tukiifahamu, nayo ni ile inayomiminwa kwenye tangi la lori kama maji.

GESI TATU ZISICHANGANYWE

(a) Gesi ya jikoni, yaani LPG. Hii ni propani na butani, na hutokana na kusafisha mafuta au gesi inayochimbwa. Hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo tu, ndiyo maana ukiutikisa mtungi unasikia maji ndani yake. Mgandamizo wake mara nyingi hauzidi bar 10. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini sakafuni.

(b) Gesi asilia iliyoshindiliwa, yaani CNG. Hii karibu yote ni methani, na hutoka ardhini au chini ya bahari. Hushindiliwa katika mtungi mnene mpaka bar 200. Ili tuelewe ukubwa wa nguvu hiyo, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 na ushei. Mtungi wa CNG basi unabeba mgandamizo wa karibu mara mia moja ya ule wa tairi. Bajaji na taksi za gesi tunazoziona Dar es Salaam zinatumia aina hii.

(c) Gesi asilia iliyofanywa kimiminika, yaani LNG. Ni methani ileile ya CNG, ila badala ya kushindiliwa imepozwa mpaka ikawa maji. Hii hutumika zaidi katika malori ya safari ndefu na katika meli.

Tukiyajua haya, jibu la yule fundi linakuwa wazi. Mtungi wa jikoni hupimwa uimara wake kwa mgandamizo wa bar 30 hivi. Ukiujaza gesi ya bar 200 utapasuka. Na kama fundi alikuwa na nia ya kuacha LPG humohumo, bado koki na mipira ya jikoni haikutengenezwa kwa mitikisiko ya barabarani, na mtungi wenyewe haukuwekewa vifaa vya usalama vya gari.

VIPI GESI HUWA KIMIMINIKA

Mvuke wa chai ukigusa mfuniko wa birika hupoa na kuwa matone. Methani nayo hufanya vivyo hivyo, isipokuwa yataka baridi kali mno. Lazima ipozwe mpaka nyuzi joto 162 chini ya sifuri. Barafu ya friji zetu huganda kwenye sifuri, hivyo tuone jinsi baridi hiyo ilivyo mbali.

Kwanza gesi husafishwa. Maji na hewa ya ukaa huondolewa, kwani vikibaki vitaganda na kuziba mabomba. Kisha hupozwa kwa mitambo mikubwa hadi ikawa kimiminika kisicho na rangi wala harufu. Gesi iliyojaza nafasi ya lita 600 sasa yaenea katika lita moja tu.

Faida yake ni nafasi. Tangi la LNG hubeba gesi zaidi ya mara mbili ya ile ambayo mtungi wa CNG wa ukubwa uleule ungebeba. Hata hivyo dizeli bado inaizidi, kwani lita moja ya LNG ina nguvu ya takriban lita 0.6 ya dizeli.

Baridi hiyo huhifadhiwaje juani? Jibu lake liko mezani kwetu kila asubuhi, nalo ni chupa ya chai. Chupa ya chai ina kuta mbili, na katikati yake hewa imetolewa, hivyo joto halipati njia ya kupita. Tangi la LNG ni chupa ya chai kubwa ya chuma, ila hii hulinda baridi badala ya joto.

LORI HUJAZWAJE

Katika vituo vingi vya Ulaya dereva haruhusiwi kujijazia LNG mpaka afundishwe. Hatua zenyewe ni hizi:

1. Anazima injini, anavuta breki ya mkono, na anaweka simu mbali. Sigara na moto wa aina yoyote ni marufuku.

2. Anavaa kinga ya uso mzima, glovu nene za baridi kali, nguo ya mikono mirefu na buti. Suruali huwa nje ya buti, ili tone likidondoka lisiingie ndani na kukaa juu ya ngozi.

3. Anaunganisha waya wa ardhini kwenye lori, ili umeme tuli uende ardhini usije ukatoa cheche.

4. Anapuliza kwa hewa kavu mdomo wa tangi na mdomo wa mpira wa kujazia. Unyevu ukibaki hapo hugeuka barafu, na barafu hiyo huufanya mpira ung'ang'anie au uvuje.

5. Anaufunga mpira barabara. Kama tangi lina mvuke wenye mgandamizo mkubwa, mpira wa pili huurudisha mvuke huo kituoni badala ya kuumwaga hewani.

6. Anabonyeza kitufe, na katika vituo vingi inambidi aendelee kukibonyeza. Akikiachia pampu inasimama, na hivyo hawezi kuondoka akaiacha pampu inafanya kazi peke yake.

7. Tangi likifika kiwango chake pampu husimama yenyewe. Nafasi kidogo huachwa juu kwa ajili ya mvuke. Kisha mpira hufunguliwa na kurudishwa mahali pake, na waya wa ardhini hutolewa mwisho. Malipo ni kwa kilo, si kwa lita.

Kazi yote huchukua dakika chache, kama kujaza dizeli. Lori lenye matangi mawili makubwa huweza kwenda zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kujaza tena.

HATARI ZAKE

Ya kwanza ni baridi. Tone la LNG likitulia kwenye ngozi huunguza kama moto. Aliyeungua hivyo asisuguliwe. Sehemu hiyo iwekwe kwenye maji ya uvuguvugu, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Ya pili ni kuwaka. Methani huwaka inapokuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Ikipata joto la kawaida ni nyepesi na hupaa juu, lakini mvuke wa LNG ukiwa bado wa baridi hutambaa chini kwanza. LNG iliyomwagika isimwagiwe maji, kwani maji huipa joto na kuifanya itoe mvuke kwa kasi zaidi.

Ya tatu ni kutokuwa na harufu. Gesi ya jikoni hutiwa dawa yenye harufu mbaya ili tuijue inapovuja. LNG haiwezi kutiwa dawa hiyo kwa sababu ingeganda. Hivyo vituo na magari huwekewa vifaa vya kunusa methani na kupiga kengele.

Ya nne ni mvuke. Hata tangi zuri hupitisha joto kidogo kidogo. Lori likiegeshwa siku nyingi bila kutembea, mgandamizo hupanda mpaka vali ya usalama ifunguke na kutoa gesi nje. Ndiyo maana lori la LNG halifai kufungiwa ndani ya gereji isiyopitisha hewa.

FAIDA NA KASORO

Gesi asilia ikiwaka vizuri haitoi moshi mweusi kama wa dizeli, na hewa ya ukaa inayotoka ni pungufu. Kilo moja yake ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli, na hapo ndipo nafuu ya dereva inapotoka.

Lakini tuwe wakweli. Methani ikivuja bila kuungua huipasha joto dunia kuliko hewa ya ukaa, zaidi ya mara 25 ikipimwa kwa miaka mia moja. Mitambo ya kupoza gesi ni ya gharama kubwa na yenyewe hula nishati. Kwa hiyo LNG humfaa mwenye lori linalokwenda mbali kila siku. Kwa bajaji inayozunguka mjini na kulala uani, CNG inatosha, kwani CNG haipotei hata chombo kikisimama mwezi mzima.

KUTOKA KILWA HADI QALHAT

Mambo haya hayako mbali nasi. Mwaka 1974 gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, na mwaka 1982 ikagunduliwa Mnazi Bay, Mtwara. Ilipofika mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Ubungo. Bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015. Kuanzia mwaka 2010 iligunduliwa gesi nyingi zaidi katika kina kirefu cha bahari, na ndipo ukaja mpango wa kujenga kiwanda cha LNG Likong'o, Lindi.

Wenzetu ng'ambo ya bahari walitangulia. Algeria ilianza kuuza LNG Uingereza mwaka 1964 kutoka Arzew. Oman ilijenga kiwanda Qalhat, karibu na Sur, na shehena ya kwanza ikaondoka mwaka 2000. Wazee wetu wa mwambao wanaifahamu Sur kwa majahazi yaliyokuja na pepo za kaskazi. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na katika safari zake akafika Qalhat pia. Bandari alizozitembelea, leo moja ina gesi jirani yake na nyingine inaipakia melini.

Je, ndugu mwanafunzi, nani atasimamia mitambo hiyo? Ni yule aliyesoma fizikia na kemia akazielewa. Tusiseme masomo hayo ni ya watu wengine.

TUFANYE NINI

Kwanza, gari au bajaji ifungwe gesi katika karakana iliyoidhinishwa tu, na mwenye chombo apewe hati. Mtungi wa CNG una tarehe ya kukaguliwa. Ikipita, chombo kisijazwe mpaka mtungi upimwe tena.

Pili, wakati wa kujaza abiria wote washuke na kusimama mbali, watoto kwanza. Tusione haya kumwambia dereva, "Mjomba, tushuke kwanza." Hilo si utovu wa adabu.

Tatu, nyumbani ukinusa gesi ya jikoni usiwashe taa wala usiizime. Funga koki, fungua milango na madirisha, toka nje na wenzako.

Nne, mafundi walio miongoni mwa wazazi wetu tunawakumbusha kwa heshima: roho ya abiria ni amana. Anayefunga mtungi usiofaa kwa kutaka fedha ya haraka amewadanganya watu wasioweza kuuona mtego aliowategea.

Wasomaji bila shaka mnataka kujua habari za mzee wetu wa bajaji. Kijana wake alimsomea maelezo haya yakiwa bado rasimu. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema mtungi ubaki jikoni. Hadi tunakwenda mitamboni bado anatumia petroli, na kila jioni anaweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya karakana ya halali. Tunamuombea afike salama, yeye na kila anayempakia.