Majibu ya Kipimo cha Mlango wa Kizazi Yasiachwe Kituoni

Saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake zaidi ya 3,000 nchini Kenya kila mwaka, ilhali ni miongoni mwa saratani chache zinazoweza kuzuiwa kabla hazijaanza. Wanawake wa miaka 25 hadi 49 wanahimizwa kupimwa hata kama hawahisi dalili yoyote. Anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi asingoje. Amwone daktari, awe na umri wowote.

Karibu kila mara chanzo ni kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Wengi hukipata, na mwili hukimaliza wenyewe. Kikibakia, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa huweza kuchukua miaka 5 hadi 10, ndiyo maana yeye hupimwa mara nyingi zaidi.

Kipimo cha siki hutoa majibu papo hapo: muuguzi hupaka siki nyepesi, na palipo na mabadiliko hugeuka peupe. Kipimo cha HPV huenda maabara. Hapa mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani, lakini majibu huja baadaye, na hapo ndipo wengi hupotea. Mama aliyelipa nauli ya matatu kutoka Kieni hadi Nyeri mjini, au aliyepimwa siku ya soko Karatina, si rahisi arudi bila kujua anaitiwa nini. Basi aache nambari ya simu inayopatikana, na aulize tarehe ya majibu kabla ya kuondoka.

Kuambiwa kirusi kimeonekana si kuambiwa una saratani. Si ushahidi wa uzinzi pia, kwani kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Maana yake ni kwamba mlango wa kizazi uchunguzwe. Sehemu ndogo iliyobadilika huchomwa kwa kifaa cha joto, kazi ya dakika chache, na mama huenda nyumbani siku hiyo hiyo. Ikiwa ni kubwa au imeingia ndani, hupewa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa.

Aliyetibiwa hurudi kupimwa baada ya mwaka mmoja, kwa sababu mabadiliko huweza kujirudia. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi.