Mizizi Nayo Hupumua

Anayenunua chungu cha maua kando ya barabara huangalia rangi, kisha bei, na mwisho huuliza kama kinavuja. Swali hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote, ila wengi huliuliza kinyume: wanatafuta kisichovuja, kisije kikachafua sakafu ya baraza. Mzizi ni kiungo hai. Huvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa kama tufanyavyo sisi, na oksijeni husambaa ndani ya maji polepole mno, karibu mara 10,000 kuliko inavyosambaa hewani. Vinafasi vya udongo vikijaa maji vyote, mizizi hukosa pumzi, hugeuka kahawia na kuoza, kisha majani hulegea. Mwenye mmea akiyaona yamelegea hudhani una kiu, akaumiminia maji mengine. Ndiyo maana hoja yangu ni hii: chungu kipimwe kwa jinsi kinavyoingiza hewa, mengine yafuate.

Wapo watakaosema dawa inajulikana tangu zamani: tandaza kokoto chini, maji yatashuka huko na mizizi itabaki salama. Ushauri huu umeenea sana, na si sahihi. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ichovye majini, kisha ilaze kwenye viganja mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Itadondosha tena, ingawa hakuna aliyeiongezea tone. Udongo nao hufanya hivyohivyo: sehemu yake ya chini hushikilia maji ambayo uzito wake peke yake hauwezi kuyatoa, na unene wa tabaka hilo hutegemea aina ya udongo, si ukubwa wa chungu. Kokoto hazilivuti tabaka hilo lishuke; zinalipandisha tu karibu zaidi na mizizi. Kwa hiyo chungu kirefu huiachia mizizi udongo mwingi wenye hewa kuliko beseni pana lenye kina kifupi, hata kama vyote viwili vinabeba udongo uleule. Kinachosaidia ni matundu ya kutosha kwenye kitako, udongo uliochanganywa na mchanga wa chengachenga na samadi iliyooza vizuri, na vipande vitatu vya tofali vya kukiinua chungu ili matundu yasizibwe na sakafu.

Kuhusu udongo wa mfinyanzi na plastiki, nauegemea mfinyanzi, lakini si kwa ushabiki. Kuta zake hupitisha unyevu na hewa, na unyevu unaotoka nje hupoza kilichomo ndani. Ni siri ileile ya maji ya mtungini. Plastiki nyeusi ikipigwa na jua la mchana hufanya kinyume, na mizizi iliyogusa ukuta huo huungua. Atakayepinga atasema mfinyanzi ni mzito, huvunjika, na hukausha udongo haraka. Ni kweli, na kwa mtu anayeshinda kazini mchana kutwa, mchicha wake utastawi vizuri zaidi kwenye ndoo tupu ya rangi iliyooshwa, ikatobolewa kwa msumari wa moto na kuwekwa mahali penye kivuli cha mchana. (Wanaokipaka chungu cha mfinyanzi rangi ya mafuta ndio nisiowaelewa: wamelipia vinyweleo, kisha wameviziba.)

Ukubwa nao una ushahidi wake. Mwaka 2012 Hendrik Poorter na wenzake walichambua majaribio 65, wakakuta kwamba chungu kikiongezwa ukubwa mara mbili, uzito wa mmea huongezeka kwa wastani wa asilimia 43. Je, mche mdogo uwekwe moja kwa moja kwenye pipa? Hapana, maana mizizi michache haiwezi kuyanywa maji yote yale, na udongo unaobaki chepechepe unaturudisha kwenye tatizo la pumzi. Afadhali kuuhamisha mche hatua kwa hatua, kila mara kwenye chungu kinachozidi cha awali vidole viwili hivi kila upande.

Kuchelewa kuhamisha nako kuna gharama, na hakuna mahali inapoonekana wazi kama kwenye viriba vya vitalu vyetu vya miti. Mzizi ukifika kwenye ukuta laini wa nailoni hukata kona na kuanza kuzunguka, mzunguko juu ya mzunguko, kama kamba iliyoviringwa. Mti ukipandwa hivyo, mizunguko hiyo hunenepa na kukaza kadiri shina linavyokua, na miaka kadhaa baadaye upepo hauhitaji nguvu nyingi kuuangusha. Gunia la katani au kitambaa kinachopitisha hewa hufanya kazi tofauti: ncha ya mzizi inapoikuta hewa hukauka, na nyuma yake huchipuka mizizi midogo mingi. Gunia huoza mapema, lakini mche hauhitaji kukaa humo miaka. Na kwa aliyekwisha kununua mche wa kwenye kiriba, kisu chatosha: kata kitako chote pamoja na mizizi iliyojikunja pale, pasua nailoni kutoka juu hadi chini, ivue yote, kisha chana kidogo ubavu wa bonge la udongo sehemu mbili au tatu kabla ya kufukia.