Kabla ya kumpeleka mzazi katika nyumba ya wazee

MAMA mmoja alikuja katika kliniki yangu akiwa na jambo lililomsumbua kuliko ugonjwa. Mamake, mwenye umri wa miaka 81, alikuwa ameanguka usiku akielekea chooni, akalala sakafuni hadi asubuhi alipopatikana na jirani. Kwa bahati njema hakuvunjika mfupa wa nyonga, lakini ilikuwa wazi kwamba hangeweza tena kuishi peke yake kijijini. Binti huyo hufanya kazi jijini. Hutoka kwake alfajiri na kurudi usiku.

"Daktari," aliniambia, "nikimpeleka katika nyumba ya wazee, watu watasema nimemtupa mamangu."

Huenda hata wewe, msomaji, umewahi kukabiliwa na fikira kama hiyo. Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba mzazi hutunzwa na wanawe na wajukuu wake. Mila hiyo ni njema na haifai kudharauliwa. Hata hivyo, ilitegemea boma lenye watu mchana kutwa, na maboma mengi leo hayana mtu isipokuwa mzee mwenyewe. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Wakenya zaidi ya milioni 2.7 walikuwa na umri wa miaka 60 na kuendelea. Nayo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na serikali.

Kumtupa mzazi ni kumwacha bila matunzo, na jambo hilo laweza kutendeka hata katika nyumba ya mwanawe. Kwa hivyo swali la kujiuliza ni hili: ni wapi ambapo mzee huyu atapata matunzo ambayo mwili wake unahitaji sasa?

Nyumba si za aina moja

Baadhi ya nyumba hizi huendeshwa na mashirika ya dini. Mfano ni Nyumba ya Wazee iliyoko Kasarani, Nairobi, ambayo iko chini ya masista wa Little Sisters of the Poor, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka wa 1839 kuwatunza wazee maskini. Nyingine ni za umma, kama vile Mji wa Huruma ulioko Runda. Aidha kuna za kibinafsi, ambazo hutoza ada kila mwezi. Ukiulizia ada, uliza pia imejumlisha nini. Je, nepi, dawa, daktari na gari la kumpeleka hospitalini ni juu ya nani? Sh2,000 za kila mwezi ambazo wazee waliosajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hupewa haziwezi kutosheleza mahitaji hayo.

Ukifika huko, usiridhike na sebule iliyopambwa na maua mlangoni. Omba kuonyeshwa mambo yafuatayo.

Choo na usiku

Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopita umri wa miaka 65 huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Mfupa wa nyonga ukivunjika, wengi hawarudii tena hali yao ya kwanza. Kwa hivyo anza na choo. Je, kuna vyuma vya kushikilia ukutani? Sakafu inateleza? Taa huwaka usiku kucha? Kisha uliza ni wahudumu wangapi walio macho saa nane za usiku. Mchana kila nyumba ina watu.

Dawa

Wazee wengi wana shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya viungo, na kila daktari huongeza tembe zake. Nimewahi kumpata mzee aliyekuwa akimeza dawa ile ile mara mbili kwa sababu pakiti zilikuwa na majina tofauti. Nyumba nzuri ina kitabu ambamo kila dawa huandikwa: jina la mzee, kipimo, saa na aliyempa. Ukiwakuta wazee wengi wakisinzia vitini saa nne asubuhi, uliza wanapewa nini. Dawa za usingizi humfanya mzee awe mtulivu, lakini pia humwangusha na kumvuruga akili.

Ngozi na maji

Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anafaa kugeuzwa mara kwa mara, kwa kawaida kila baada ya saa mbili. Asipogeuzwa, ngozi ya makalio, nyonga na visigino hukosa damu na kufanya vidonda ambavyo huchukua miezi kupona na vinaweza kuua. Dalili ya kwanza ni sehemu ya ngozi iliyobadilika rangi au yenye joto, isiyorudi hali yake ikibonyezwa kwa kidole.

Vile vile, mzee hahisi kiu kama kijana. Anafaa kupewa maji, chai au uji hata kama hajaomba. Mzee aliyekuwa timamu jana na leo hajui yuko wapi, mara nyingi ana upungufu wa maji, homa ya mapafu, maambukizi ya mkojo au amedhuriwa na dawa. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Usikubali kuambiwa "ni uzee tu". Katika Kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na waliookoka wamepata hifadhi katika kituo cha Kaya Godoma, Ganze. Ni jambo la kuhuzunisha, kwani mzee anayesema maneno yasiyoeleweka anahitaji daktari.

Chakula na shughuli

Fika wakati wa chakula cha mchana. Asiye na meno anahitaji chakula laini, lakini chenye nguvu: mayai, maziwa, maharagwe yaliyopondwa, samaki. Chai na mkate kila siku hazitoshi, kwani misuli hupungua na mzee huanza kuanguka. Angalia pia kama wanatembea, wanachambua mboga, wanashona au wanasali pamoja. Mzee anayeketishwa kutwa nzima hupoteza uwezo wa kusimama katika muda wa majuma machache.

Kazi inayobakia kwako

Usimhamishe mzazi kwa hila ukimwambia mnaenda kupimwa macho. Mweleze, mtembee pamoja mahali hapo, na ikiwezekana akae majuma mawili ya kujaribu kabla ya uamuzi. Mwache abebe picha zake, leso yake na kitabu chake cha dini.

Baada ya hapo mtembelee, nyakati nyingine bila kutoa taarifa. Mtazame mwili wake: amekonda? Ana michubuko isiyoelezeka? Hunyamaza mhudumu fulani akiingia? Hata wahudumu walio wema humwangalia kwa makini zaidi mzee ambaye wanajua ana watu wanaomwulizia.

Yule binti alizuru nyumba tatu. Mbili hazikuwa na mhudumu wa usiku. Mamake sasa yuko katika ile ya tatu, na kila Jumapili wajukuu humtembelea. Majirani bado wanasema. Lakini tangu alipohamia huko, nyanya huyo hajalala sakafuni hata usiku mmoja.

Na ikiwa umeamua kumtunza mzazi wako nyumbani, maswali ni yale yale. Anza leo na choo chako: taa iko?