Laiki 600, Oda Sifuri: Angalia Umejaza Watu Gani Kwenye Ukurasa Wako

Mjasiriamali, umeposti dera jipya, picha kali, mwanga safi. Saa tatu zimepita, laiki nne, na moja ni ya dada yako. Wafuasi unao elfu nane. Unasema "Instagram wamenibania." Hebu tuone kwanza kinachofanyika huko nyuma ya pazia.

Zamani posti zilipangwa kwa muda tu, aliyeposti mwisho ndiye wa juu. Mwaka 2016 Instagram walianza kuachana na mtindo huo. Sasa kila mfuasi ana foleni yake, na ile algorithimu (tuiite mashine, tusisumbuane) inapanga kwa kukisia: huyu akifika hapa atasimama au atapita? Inakisia kwa kuangalia amekuwa akikufanyia nini siku za nyuma. Mtu aliyezoea kukupita, mashine inamchukulia kuwa hakutaki, inakusogeza chini.

Sasa kumbuka lile shindano lako. "Laiki, tagi marafiki watatu, ushinde simu." Watu walijaa kweli! Lakini walifuata simu, dera hawana habari nalo. Mshindi akatangazwa, wakabaki pale wanakupita kila siku, na mashine inahesabu.

Hapo bado hujaguswa mfukoni. Ukilipia tangazo Instagram na ukawaachia wao wachague walengwa, wanatafuta watu wanaofanana na wafuasi wako. Umeelewa hapo? Unatoa hela ya mtaji kwenda kutafutiwa wapenda dezo wengine. Ndiyo maana tangazo linaisha, laiki 600, na simu haijaita hata mara moja. Yale magrupu ya "nifuate nikufuate" ni yale yale, mmejaa wauzaji watupu na hakuna anayemnunulia mwenzake. Kuhusu wafuasi wa kununua sitaki hata kuongea.

Na kuombaomba laiki kunaweza kukugharimu. Desemba 2017 Facebook walitangaza kwamba posti za kushawishi watu walaiki, watagi au washeye watazishusha.

Mnunuzi wa kweli mara nyingi hana kelele. Anatazama picha hadi ya mwisho, anaihifadhi, halafu anamtumia shoga yake: "Hii vipi kwa send-off?" Huko kutumiana ndiko kwenye mali. Januari 2025 Adam Mosseri, bosi wa Instagram, alitaja vitu vitatu vikubwa wanavyoangalia: muda wa kutazama, laiki, na watu kutumiana posti. Hicho cha tatu kinasaidia zaidi kukufikisha kwa wasiokufuata.

Ndiyo maana mimi na "bei njoo DM" hatuelewani. Najua sababu, jirani akiiona bei yako anashusha yake kwa buku mbili. Inatokea, sikatai. Lakini yule shoga aliyetumiwa picha haoni bei, haoni saizi, haoni kama unatuma mkoani. Ataanza kukuuliza wewe asiyekujua? Wengi wanaskroli zao.

Cha kufanya wiki hii: fungua takwimu za posti zako 10 za mwisho. Laiki ziache kwanza, angalia ipi imehifadhiwa na kutumwa zaidi. Inaweza kuwa ile ambayo hukuitilia maanani, ya vipimo au ya jinsi dera linavyofuliwa. Tengeneza nyingine kama hiyo.

Ukitaka kutoa zawadi, toa kile kile unachouza. Anayetaka dera la bure huenda kesho akanunua dera, ila anayetaka simu atasubiri simu nyingine. Au wape nafasi waliokwisha nunua tu, wenye risiti.

Na kabla hujabonyeza kulipia tangazo, chagua walengwa mwenyewe: mji, umri, wanachopenda. Kama mzigo wako unafika na boda ndani ya Dar tu, Mwanza itoe.