Mwanachama Aliyeumia katika Ajali ya Gari na Madai Yake ya Fidia

Miongoni mwa mambo yanayomwangusha mwanachama aliyekuwa akirejesha mkopo wake vizuri, ajali ya barabarani haizungumzwi sana mikutanoni. Katibu hupata habari kwamba fulani amegongwa Magomeni au Mwananyamala, wenzake humchangia fedha za matibabu, na baada ya miezi michache jina lake huonekana katika orodha ya waliochelewesha marejesho. Kumbe mtu huyo alikuwa na haki ya fidia ambayo hakuidai, au aliiachia kwa kiasi kidogo akiwa bado kitandani.

Wengi huamini kwamba bila wakili hakuna madai. Sivyo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamruhusu mwenye shauri kufika mahakamani yeye mwenyewe, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria. Hati ya madai yaweza kuandikwa kwa lugha ile ile inayoandikiwa muhtasari wa mkutano wa chama. Kinachowaangusha wengi wanaojisimamia si ukosefu wa ufasaha bali ni karatasi ambazo hazikutafutwa mapema.

Ya kwanza ni fomu ya polisi namba 3, ijulikanayo kwa wote kama PF3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Baadaye hufuata taarifa ya mwisho ya polisi kuhusu ajali, yaani PF 90, pamoja na mchoro wa eneo la ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. Ndugu wa majeruhi hawana budi kuandika namba ya gari siku ile ile. Kwa namba hiyo mmiliki hutambulika katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato, na bima ya gari huweza kuhakikiwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA).

Jambo moja husahaulika mno. Dereva akishitakiwa katika kesi ya usalama barabarani, majeruhi hudhani kwamba hayo ni mambo ya Serikali na dereva, naye hayamhusu. Yanamhusu sana. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili wa hatia au wa kutokuwa na hatia. Dereva akitiwa hatiani, majeruhi atakuwa na msingi imara katika shauri lake la madai; akiachiwa huru kwa sababu mashahidi hawakufika, kazi ya mdai itakuwa ngumu kweli kweli. Basi mwanachama aitwapo kutoa ushahidi na aende, hata kwa magongo, kisha aombe nakala ya hukumu.

Anayedaiwa ni dereva pamoja na mwenye gari, ikiwa dereva alikuwa kazini kwake. Kampuni ya bima huingia kwa sababu Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari liwe na bima dhidi ya madhara kwa watu wengine, ile ambayo mitaani huitwa bima ndogo. Ni lazima kampuni hiyo ipewe taarifa ya shauri kwa maandishi, na njia ya salama ni kuipelekea barua kabla shauri halijafunguliwa na kubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Abiria aliyelipa nauli katika daladala amo ndani ya ulinzi huo. Aliyepewa lifti ya bure juu ya magunia hana uhakika huo, maana sheria hailazimishi bima ya abiria wa namna hiyo. Wanachama wanaosafiri na mizigo yao wafahamu hivyo.

Chukulia mama auzaye mchele soko la Tandale, aliyevunjika mguu. Wiki ya pili mwenye gari anafika hospitalini na shilingi 400,000 na karatasi ya kutia sahihi. Kwa mama asiye na fedha ya chakula cha watoto hizo ni nyingi. Lakini karatasi hiyo ikisema kwamba madai yote yamekwisha, vyuma vya mguuni vitakapohitaji kuondolewa gharama itakuwa juu yake. Msaada wa matibabu waweza kupokelewa kwa stakabadhi inayosema hivyo tu. Hati ya kumaliza madai ingoje daktari aseme mguu umepona kiasi gani.

Hapa ndipo chama kina kazi ambayo wakili hawezi kuifanya. Mahakama ya Rufani ilisisitiza mwaka 1992 kwamba hasara mahsusi, yaani ile inayoweza kuhesabiwa, sharti itajwe katika hati ya madai na kuthibitishwa. Risiti za dawa na nauli za kwenda kliniki zahifadhika kwa urahisi. Je, mapato ya muuza mchele yatathibitishwa na nini, naye hana hati ya mshahara? Yatathibitishwa na daftari la akiba na fomu ya mkopo ambamo kamati iliandika mauzo ya biashara yake. Katibu aliyetunza leja vizuri anaweza kuitwa kuwa shahidi wa maana kuliko jirani kumi. Lakini asijifanye wakili: kuandaa hati za mahakama kwa malipo, au kusimama mahali pa mdai, si kazi yake.

Shauri la uzembe wa namna hii halipelekwi Mahakama ya Mwanzo. Kwa mkazi wa Kinondoni huanzia Mahakama ya Wilaya. Muda wake ni miaka 3 tangu ajali, na mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi hesabu hiyo. Kabla ya kusikilizwa, wadaawa hupelekwa kwenye usuluhishi, ambako mengi huweza kwisha. Mdai akionekana naye alikosea, kwa mfano alivuka bila kutazama, fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake, haifutwi yote.

Yapo mashauri ambayo mtu asiyabebe peke yake: kifo, ulemavu wa kudumu, mtoto aliyeumia, au polisi walioandika kwamba kosa ni la majeruhi mwenyewe. Kwa hayo watafutwe watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Na mfanyakazi wa chama aliyeumia akiwa kazini ana mlango mwingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambako taarifa hupelekwa na mwajiri, ambaye ni chama chenyewe.