Vyombo vya Kusikilizia Nyimbo Nyumbani

Katika likizo ya Desemba iliyopita Baba aliniita barazani akaniambia, "Mwanangu, wewe wasoma Fizikia. Nimeweka shilingi 350,000. Tutafutie vyombo vya kusikilizia nyimbo zetu, lakini Babu naye aweze kuvitumia." Nilidhani ni kazi ya siku moja. Ilichukua wiki tatu, na katika wiki hizo nilijifunza mambo ambayo naona yafaa kuyaandika hapa, kwa kuwa nyumba nyingi siku hizi zina nyimbo tele katika simu na kompyuta, wala hazina njia nzuri ya kuzisikiliza.

Kwanza niwaeleze habari za nyimbo zenyewe. Nyumbani kwetu Tanga kuna kanda 120, ambazo Babu na Baba walizikusanya tangu zamani: taarabu, dansi, na kanda chache za harusi za ukoo wetu. Kaka yangu alizinakili zote kwenye kompyuta yake zikawa faili. Kisha diski ya kompyuta ile ikafa, na nakala nyingine hatukuwa nayo. Kaka akaanza upya. Kanda ya dakika 60 hunakiliwa kwa dakika 60, hapana njia ya mkato. Kwa hiyo kazi ile ilimla zaidi ya saa 100 kwa mara ya pili, jioni baada ya jioni, karibu mwaka mzima. Hata hivyo kanda 9 zilikuwa zimekwisha kuota ukungu, na tulipojaribu kuzipiga zikakatika. Mojawapo ni ya harusi ya Shangazi, ambamo marehemu Bibi aliimba. Babu haoni tena kwa macho, na kanda hiyo ndiyo aliyoitaka kuliko zote. Habari zake nitazimalizia mwisho.

Faili ya wimbo ni kitu gani?

Zamani wimbo ulikuwa kitu cha kushikika. Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, sauti yake ilichorwa katika mifereji ya santuri. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilionyesha kanda ndogo ya kaseti, na humo sauti huandikwa kwa sumaku. Mwaka 1982 ikaanza kuuzwa ile sahani ing'aayo iitwayo CD, na tangu hapo wimbo umekuwa namba tupu.

Namba hizo hupatikana hivi. Kila sekunde sauti hupimwa mara 44,100, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani huwa kimo kimoja kati ya vimo 65,536. Mbona mara nyingi hivyo? Sikio la kijana mzima husikia mitetemo tangu 20 mpaka 20,000 hivi kwa sekunde, na kanuni yasema kwamba mtetemo hauhifadhiki sawasawa usipopimwa zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Basi 44,100 yatosha, na ziada kidogo hubaki.

Lakini namba hizo ni nyingi. Dakika moja ya muziki wa namna hii, kwa masikio mawili, hula megabaiti 10 na zaidi. Kanda zetu 120 ni dakika 7,200, nazo zingehitaji gigabaiti 76 hivi. Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia mbili za kupunguza mzigo.

Njia ya kwanza ni MP3, jina lililoanza kutumika mwaka 1995. Njia hii hutupa sauti ambazo sikio haliwezi kuzitambua. Ukisimama karibu na mashine ya kusaga, mwenzako akinong'ona husikii neno. Basi MP3 huangalia ni sauti gani iliyofunikwa na sauti kubwa zaidi, ikaiacha. Kwa kiwango chake cha juu, nyimbo zetu zote zingekuwa gigabaiti 17 tu.

Njia ya pili ni FLAC, iliyotolewa mwaka 2001. Hii haitupi kitu. Hukunja tu namba kama mtu akunjavyo nguo katika sanduku, na ukifungua nguo zote zimo. Nyimbo zetu kwa njia hii ni kama gigabaiti 46.

Je, tofauti husikika? MP3 iliyotengenezwa vizuri kwa kiwango cha juu ni vigumu kuitenga na FLAC, hata kwa msikilizaji hodari. Lakini kilichotupwa hakirudi. Kugeuza MP3 iwe FLAC ni kama kutia unga katika gunia la mahindi. Gunia litakuwa kubwa, lakini mahindi hutayaona tena. Kwa hiyo shauri langu ni hili: nakala ya kutunza iwe FLAC, na ya kupiga kila siku yaweza kuwa MP3.

Vituo vya safari ya sauti

Namba hazisikiki. Toka faili mpaka sikio kuna safari, nayo ina vituo sita: ghala ya faili, yaani diski au kadi, chombo cha kuzisoma, kama vile simu au kompyuta, kigeuzi, kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti, amplifaya, inayotia nguvu umeme huo, spika, zinazotikisa hewa, na mwisho chumba chenyewe. Vyombo vyote mnavyoviona dukani, vidogo kwa vikubwa, ni vituo hivi tu, ama vimetengwa, ama vimetiwa katika sanduku moja.

Watu wengi hukosea hapa. Huona fahari kununua chombo cha kwanza kwa bei kubwa, spika wakanunua zilizobaki. Yafaa kinyume chake. Kigeuzi cha bei ndogo siku hizi hufanya kazi yake karibu na ukamilifu, hali spika mbili za bei tofauti hata mtoto atazitofautisha. Basi fedha nyingi iende kwenye spika.

Ama kuhusu amplifaya, jihadharini na namba za sandukuni. Dukani niliona sabufa iliyoandikwa wati 8,000, na mbele yake herufi PMPO. Nikaigeuza nyuma nikaona kibandiko kidogo kisemacho kwamba hula wati 60 za umeme. Nikacheka peke yangu, maana chombo hakiwezi kuendelea kutoa nguvu kuliko iliyoingia ukutani. Namba ya kutazama ni ile iliyoandikwa RMS. Tena, ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili, yahitajiwa nguvu mara 10 hivi. Kwa hiyo wati 30 na wati 40 ni karibu sawa. Kwa sebule ya kawaida wati 20 za kweli kwa kila spika zatosha. Angalieni pia namba za omu: zile za nyuma ya spika zisipungue kiwango kilichoandikwa kwenye amplifaya, isije ikapata moto ikaungua.

Kituo cha chumba hakinunuliwi. Sebule yenye kuta za saruji na sakafu tupu hurudisha mwangwi, maneno ya mwimbaji yakavurugika. Mkeka, zulia, mapazia na viti vya mito hunywa mwangwi huo. Spika zikiwekwa pembeni kabisa mwa chumba, besi huvuma kupita kiasi. Ziwekeni mbali kidogo na ukuta, na pale akaapo msikilizaji pawe ncha ya tatu ya pembetatu ambayo pande zake zote ni sawa, kama mita 2 hivi. Ile spika ndogo ya sauti nyembamba iwe usawa wa sikio. Sisi tulizihamisha spika zetu jioni moja tu, na Mama, ambaye hakujali habari za vyombo, akatoka jikoni akauliza kama tumenunua nyingine.

Njia nne tulizozipima

Njia ya kwanza ni simu na spika ya Bluetooth. Ni rahisi, haina waya, na umeme ukikatika huendelea. Lakini spika huwa moja na ndogo, betri huchoka baada ya miaka, na mwenye simu akitoka nyimbo hutoka naye.

Ya pili ni sabufa yenye mlango wa flashi, kama zilizo katika nyumba nyingi. Bei yake si kubwa, na hata mzee huweza kuiwasha. Aghalabu, hata hivyo, hucheza MP3 tu, wala si rahisi kutafuta wimbo mmoja kati ya elfu.

Ya tatu ni kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012, ikiwekwa programu kama Volumio. Faili zote hukaa humo, na kila mtu nyumbani huchagua wimbo kwa simu yake kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Ni njia nzuri sana kwa nyumba yenye vijana. Mimi niliitamani mno, na siku ya kwanza nilimshauri Baba hiyo. Baba akaniuliza swali moja tu: "Wewe ukirudi shule, Babu atabonyeza wapi?" Nikanyamaza.

Ya nne ni kukusanya vituo kimoja kimoja: simu ya zamani isiyotembea, kigeuzi kidogo, amplifaya, na spika mbili za sanduku la mbao. Njia hii ndiyo tuliyoifuata, na hesabu yake ni hii. Amplifaya iliyokwisha tumika, yenye kidude cha kuzungusha sauti na mlango wa flashi, shilingi 90,000. Spika mbili za mtumba, 140,000, baada ya kuzisikiliza dukani kwa wimbo tuujuao. Waya 10,000. Kigeuzi 25,000. Kadi ya gigabaiti 64 shilingi 30,000, na nyingine kama hiyo 30,000. Flashi 15,000. Jumla ni 340,000, na 10,000 iliyobaki ikawa nauli. Simu tuliyotumia ni ya Kaka, ambayo kioo kimepasuka. Ilikuwa imelala kabatini bure.

Baba huchagua wimbo kwenye simu ile, na faili zake ni FLAC. Babu ana flashi yake yenye MP3, nayo hukaa katika amplifaya siku zote. Akipapasa akabonyeza kitufe kimoja, nyimbo huanza. Kwenye kitufe hicho tulibandika kipande cha kitambaa ili kidole chake kikijue. Kitambaa hicho hakikutugharimu hata senti, na katika vyombo vyote ndicho kilichonifurahisha zaidi.

Msisahau nakala

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Faili isiyo na jina la mwimbaji na la wimbo ni mali bila daftari, na faili yenye nakala moja ni kama haipo. Diski hufa bila kuaga. Umeme ukikatika kompyuta inapoandika, faili huweza kuharibika. Sisi sasa tuna nakala tatu: moja katika simu ya sebuleni, moja katika diski mpya ya Kaka, na moja katika kadi ya pili, ambayo hukaa kwa Shangazi huko Korogwe, ili hata nyumba ikipatwa na moto au mwizi, nyimbo zisipotee.

Sasa nimalizie habari za kanda ya Bibi. Tulipompelekea Shangazi kadi ile, alituambia kwamba miaka kadhaa iliyopita aliweka simu yake karibu na redio ya kaseti akaurekodi wimbo mmoja wa harusi yake. Akatupa faili hiyo. Sauti ni nyembamba, kama ya mtu aimbaye ndani ya mtungi, na katikati jogoo anawika. Nilijaribu programu mbalimbali kuisafisha, nisifaulu, maana kilichokosekana tangu mwanzo hakitengenezwi. Hata hivyo tuliitia katika flashi ya Babu ikawa wimbo wa kwanza. Alipoisikia aliinamisha kichwa mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndiye." Baada ya kitambo akauliza, "Na jogoo yule ni wa nani?" Sote tukacheka, naye akacheka.

Lakini mimi nilijua kwamba laiti tungalinunua kadi moja ya shilingi 30,000 mapema, Babu angalisikia kanda nzima, tena kwa sauti safi. Kwa hiyo, wenzangu, likizo ikifika, kabla hamjashauriana na wazazi juu ya spika na amplifaya, tafuteni kwanza kanda zilizo kabatini na juu ya dari, mzinakili, mziandike majina, na nakala moja muiweke kwa jamaa wa mbali. Vyombo huuzwa madukani kila siku. Sauti ya mtu wenu haiuzwi popote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne